Fundo la Begani

Kama una kifafa na umejifungua, neno la kwanza utakaloambiwa ukifika nyumbani ni kwamba usimbebe mtoto mgongoni. Wataleta shangazi, wataleta jirani, wataleta hata baba mmoja wa kanisani ambaye hajawahi kufunga mbeleko tangu azaliwe, na wote watasema hilo hilo. Mimi pia niliambiwa. Naandika kwa ajili yako kwa sababu tangu nilipofundishwa kufunga nilitii siku moja tu, na nataka ujue siku hiyo ilikuwaje.

Sitaeleza kifafa kinatoka wapi. Nimesikia ni minyoo, nimesikia ni inzi wa mtoni, nimesikia ni wachawi wa upande wa mama yangu, na kila aliyenieleza alikuwa na uhakika wake. Mimi naujua mwili wangu tu. Mara ya kwanza nilianguka kwenye chemchemi, miezi michache baada ya kuolewa hapa Saio, mtaa wa mji wa Bunia. Niliamka nguo zimelowa, ndoo yangu imesogezwa pembeni, na wanawake wote wamesimama mbali kama watu wanaongoja nyoka apite. Hakuna aliyenigusa. Kwetu wengi wanaamini kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa nawe utaanguka. Yule aliyekuwa rafiki yangu kuliko wote alikuwa amesimama mbali kuliko wote.

Mara ya tatu niliangukia jiko la makaa, na mkono wangu wa kushoto ukaungua kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Ngozi ilipopona ilijivuta, na mpaka leo mkono huo haunyooki sawasawa. Hapo ndipo Faustin, mume wangu, alipokata shauri kunipeleka kwenye kituo cha afya. Mama yake hakutaka. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke, lakini alikuwa na binti mmoja ambaye hajaolewa, Noela, na aliogopa kwamba habari za kifafa nyumbani zingefukuza wachumba. Alisema, "Munganga akiandika jina mu karatasi, Bunia yote itasoma."

Siku yetu wenye kifafa ilikuwa Jumatano. Ukipita nje ya kile kituo Jumatano ungetujua mara moja, kwa sababu tulikaa kwenye benchi bila kutazamana. Wenye malaria huongea, wajawazito huongea hata kupita kiasi, lakini sisi kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Wengine walikuwa na makovu usoni, wengine walivaa kofia ya sufu juani ili kuficha alama za kichwani. Nilihesabu Jumatano nne kabla ya mama mmoja kunisogelea na kuniuliza kama nimekunywa chai.

Vidonge, komprime kama tunavyoviita hapa, vilikuwa vidogo, vyeupe, kimoja kila jioni. Vilinifanya nilale hata nikiwa nasonga ugali, na uso wangu ukavimba kidogo. Lakini kiangazi chote kilipita nikaanguka mara moja tu, na mvua za mwezi wa tatu ziliponyesha nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Neema alizaliwa wakati watu wanavuna maharagwe. Alikuwa mdogo, mwenye nywele nyingi, na alilia kwa hasira hata aliposhiba. Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kumbeba. Nilimnyonyesha nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, kisha Noela anamchukua na kumfunga mgongoni mwake, na mimi nabaki na kifua kilicholowa. Noela alimpenda mno. Alikuwa akimwimbia akifua nguo, na alijua kumlaza kuliko mimi. Nilimwonea wivu, nasema ukweli. Mtoto wangu alianza kunuka sabuni ya wifi yangu.

Jumatano moja nilimweleza muuguzi, Mama Beatrisi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilidhani atanipa pole. Badala yake alifunga mlango, akachukua kitenge chake mwenyewe na kuniambia niiname.

"Batu watakuambia umubebe mbele," alisema. "Usikubali. Ukianguka utamulalia. Mubebe mu mugongo, lakini fundo usiweke mu kifua. Ukianguka juu ya tumbo, fundo iko chini yako, nani ataifungua?"

Alinifundisha, nami nakufundisha wewe. Weka mtoto juu mgongoni, magoti yake yafike juu kuliko makalio, miguu ikumbatie kiuno chako. Kitenge kimshike kuanzia nyuma ya magoti hadi chini ya shingo, kisipande zaidi ya hapo. Uso wake ugeuke upande, na kidevu kisiangukie kifuani. Usimfunike kichwa kwa kitenge cha pili hata kama bibi yake analalamika habari ya baridi, mvalishe kofia. Kisha ncha moja ipite juu ya bega la kulia, nyingine ipite chini ya kwapa la kushoto, zikutane juu ya bega hilo la kulia. Hapo usifunge fundo la kawaida. Funga lile la kamba ya kiatu, lenye kitanzi, ili ukivuta mkia lifunguke lenyewe. Ukingo wa chini wa kitenge uuzungushe kiunoni na kuuchomeka tu. Kwenye mkia wa fundo shona kipande cha rangi ambayo mtu ataiona kwa mbali. Mimi nilishona chekundu.

Na uwaambie watu. Hilo ndilo gumu. Kila unapofika, sokoni, kanisani, kwenye maji, unamwambia mtu mmoja kwamba ukianguka avute chekundu achukue mtoto, akuache wewe ulivyo.

Mimi huwa napata onyo. Kabla sijaanguka nasikia harufu ya manyoya ya kuku yaliyochomwa, mahali ambapo hakuna kuku wala moto. Mama Beatrisi alisema harufu ile ni zawadi. Nikiisikia, nipige magoti upesi, nilale kifudifudi, mtoto abaki juu.

Mama mkwe alikiona kile kipande chekundu akaweka chini sahani aliyokuwa akiosha. "Hii kitambaa ni ya nini? Unapenda batu bote bajue?"

"Ndiyo, mama," nilisema. Sikuwahi kumjibu hivyo.

Kila nilipotoka na Neema alinifuata mpaka mlangoni, akaukunja mkia wa kitambaa na kuuficha chini ya blauzi yangu. Nikifika njiani nautoa.

Mkia ule ulinisaidia kweli. Neema alikuwa na miezi minne, nikaenda soko dogo la Saio kununua mafuta ya mawese. Harufu ya manyoya ikaja. Nilipiga magoti kati ya dagaa na mihogo, nikamwambia mama mwenye mihogo, nisiyemjua hata jina, "Vuta nyekundu." Sikumbuki tena. Nilipoamka Neema alikuwa mapajani mwake, anamumunya kipande cha muhogo mbichi. Walinieleza kwamba mama yule aliogopa mate yangu, akavuta mkia ule kwa vidole viwili tu, kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Kitenge kikafunguka, akamnyakua mtoto na kurudi nyuma. Hakuhitaji kunipenda wala kunigusa, na mtoto alitoka salama. Nilicheka pale pale chini, huku nimejikojolea.

Kisha vita vikaingia mjini. Sitahesabu nani alimfukuza nani, wengine wameandika hayo. Kwangu mimi vita vilikuwa mlango wa kituo cha afya uliokuwa umefungwa Jumatano, na Jumatano iliyofuata uliokuwa umevunjwa, rafu zote zikiwa tupu, karatasi zetu zenye majina zimekanyagwa sakafuni. Mama Beatrisi alikuwa amekimbilia kwao. Nilikuwa na vidonge kumi na moja. Nilianza kuvikata nusu, kisha robo, jambo ambalo usifanye kamwe bila kuuliza. Vilipokwisha nilianguka mara tatu kwa wiki moja, na mara ya tatu harufu haikuja kabisa. Nashukuru kwamba wakati ule Neema alikuwa amelala kitandani.

Faustin na mama yake hawakuwapo. Walikuwa Irumu kwa ndugu zao, walikwenda kutafuta mahindi, na njia ikafungwa nyuma yao. Nyumbani tulibaki mimi, Noela na mtoto. Tulilala chini sakafuni, tukawa tunasikia risasi upande wa mtaa wa Ngezi, halafu kimya, halafu tena. Asubuhi moja mtaa mzima ulikuwa barabarani na magodoro vichwani, na kila mtu alisema tuondoke sasa. Tukaamua kwenda Irumu, kwa wetu.

Nilikuwa nimeshaukunja mgongo. Nilikuwa nimemshika Neema kwa mkono mmoja ili nimpandishe. Noela akasimama mbele yangu.

"Wifi, nipe mutoto," alisema. "Wiki hii umeanguka mara tatu. Mu njia, na batu wengi hivi, nani atavuta?"

Alisema kwa upole. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwenye nguvu, hakuwa na ugonjwa wowote. Nilifikiria harufu isiyokuja. Nilifikiria watu wanaokimbia wakinikanyaga, na mtoto chini ya miguu yao. Nikampa. Nilimfunga Neema mgongoni mwake mimi mwenyewe, kwa kitenge changu, na mikono yangu, kwa mazoea, ikafunga fundo begani. Noela akacheka kidogo, akalifungua, akafunga lake mbele ya kifua kama wanavyofunga wanawake wazima. Alibeba mtoto, mimi nikabeba sufuria na unga.

Tulitembea pamoja mpaka saa sita mchana. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu, ili nimwone Neema. Alikuwa macho. Shavu lake la kushoto lilikuwa limelala kwenye mgongo wa Noela na alinitazama bila kulia.

Risasi zilitoka upande wa kulia wa njia. Sijui ni za nani. Watu walitupa mizigo na kuingia kwenye nyasi ndefu, kila mtu upande aliokuwa ameuelekea, na mimi nililala kifudifudi nikiwa nimeshika sufuria. Nilipoinuka njia ilikuwa na magodoro na viatu. Niliita Noela. Niliita mpaka mwanaume mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja. Watu wengine walisema kundi kubwa limekata kushoto kuelekea ziwani, na msichana mwenye mtoto alikuwa kati yao. Wengine walisema hawakuona msichana yeyote. Nilikaa pale mpaka risasi zikaanza tena, na wanawake wawili wakanikokota kwa mikono.

Tulifika Irumu siku ya tatu, kwa kuzungukia porini. Katika siku tatu hizo nilingoja harufu ya manyoya. Nilivuka mito, nilipanda milima, sikulala, sikula ila unga mkavu, sikuwa na kidonge hata kimoja. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi mno, nikawa nainama mbele bila kujua, kama ambaye bado amebeba. Harufu haikuja. Sikuanguka.

Faustin alikuwa wa kwanza kuniona. Aliangalia mgongo wangu. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Noela iko wapi? Mutoto iko wapi?"

Nilieleza yote, na nilipofika mwisho nikaongeza uongo. Nilisema, "Ningembeba mimi angekufa, mama. Nilianguka mara mbili njiani." Ulitoka wenyewe. Nadhani nilitaka wawe na sababu ya kushika. Faustin akanikumbatia akasema, "Basi ulifanya vizuri. Noela iko na akili, atafika." Mama mkwe akarudi jikoni. Akanipakulia sombe, yaani kisamvu, nikala.

Tuliandikisha majina yao kila mahali ambapo majina yaliandikwa. Faustin alikwenda ziwani mara mbili njia zilipofunguka. Kulikuwa na wasichana wenye watoto, wengi sana, na hakuna aliyekuwa wetu. Hatukuona mwili, hatukuona nguo. Hatukufanya matanga, kwa sababu mama mkwe alikataa, akasema huwezi kumlilia mtu ambaye yuko njiani.

Nyumba yetu ilikuwa na huzuni ya watu wawili waliokosekana, na mimi niliyewapoteza wote nilikuwa nikipika humo. Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu. Alikuwa akiniuliza mara kwa mara, bila kunitazama, "Ulianguka wapi na wapi?" nami nikawa nataja mahali, kila mara nikiogopa nisitaje tofauti na mara iliyopita.

Tulirudi Bunia mji ulipotulia, wakati mvua zinaanza. Saio ilikuwa na nyumba bila mabati, lakini yetu ilisimama. Nilikuwa na mimba tena, miezi mitano, na nilikuwa naanguka mara mbili kwa mwezi. Tuliposikia Mama Beatrisi amerudi na vidonge vimekuja, Faustin alikuwa kazini, mama mkwe akasema atanisindikiza. Alikuwa hajawahi kuketi kwenye benchi lile. Aliketi Jumatano hiyo, kitambaa kichwani, mkoba magotini, na aliwatazama wote usoni mmoja mmoja na kuwasalimia, mpaka wakalazimika kujibu.

Karatasi yangu ya zamani ilikuwa imepotea na nyingine. Mama Beatrisi alichukua mpya, akaandika jina, umri, miezi ya mimba, mahali tulipokimbilia. Akauliza, "Tangu komprime zilikwisha, umeanguka mara ngapi? Anza na siku za kukimbia. Mu njia ya Irumu, mara ngapi?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti pembeni yangu, bega kwa bega.

"Niambie kweli," alisema Mama Beatrisi. "Kama hata siku zile za kutembea bila kulala ulianguka sana, nitaongeza dawa. Na dawa mingi, weye na huyu wa tumbo mutalala tu. Hautaweza kumunyonyesha vizuri."

Nilitazama kalamu yake. Kama ningeendelea kusema uongo, ningemlinda mzee huyu, na mtoto aliye tumboni angelipia. Nikasema, "Hata moja. Mu njia sikuanguka."

Mama Beatrisi akaandika sifuri. Nilisikia kalamu ikizunguka kwenye karatasi. Sikuthubutu kugeuka. Nilijua maana ya sifuri ile, na mama mkwe alijua. Neema angefika Irumu mgongoni mwangu.

"Nilijua," mama mkwe alisema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anatazama ukuta. "Kila mara unaangukaka, unajiuma ulimi. Siku mbili, siku tatu, hauwezi kula pilipili, unakunywa uji ya baridi. Miye ndiye ninaipikaka. Ile siku ulifika Irumu, nilikupa sombe na pilipili mingi. Ulimaliza sahani."

Nilianza kulia. Nilisema nisamehe, mama, nisamehe, na yeye akaushika mkono wangu wa kushoto, ule ulioungua, akauweka mapajani kwake. Alikuwa amekaa na ukweli huo mwaka mzima, akiniuliza nilianguka wapi na wapi, akingoja nichoke.

"Miye ningekuwa nyumbani, ningekuambia umupe Noela," alisema. "Ningekuambia miye wa kwanza. Kwa hiyo tunyamaze." Kisha akamgeukia Mama Beatrisi. "Huyu wa tumbo atamubeba mwenyewe. Onyesha miye ile fundo."

Mtoto alizaliwa, msichana, tukamwita Dorika. Hatukumpa jina la Neema wala la Noela, kwa sababu majina hayo yana wenyewe. Nilimbeba tangu wiki ya pili. Nimeanguka naye mara nne kwa miaka miwili, na kila mara kuna mkono uliovuta. Sikwambii kwamba hofu iliisha. Nikiona msichana wa umri fulani sokoni, mwenye nywele nyingi, bado namfuata mpaka ageuke nimwone uso, na mara mbili mama zao wamenifukuza.

Lakini nakumbuka asubuhi ya kwanza nilipotoka na Dorika. Nilikuwa nimemaliza kufunga na nilikuwa nasitasita mlangoni. Mama mkwe alinipita, akasimama katikati ya njia, pale wanawake wanapopita na ndoo, akawaita kwa majina. Aliwaambia, "Muke wa mutoto yangu iko na kifafa. Akianguka, musikimbie. Muvute hapa." Akaweka kidole chake begani mwangu, akawangoja wote waangalie.